Maana ya ataa: posho ya askari katika dola ya mwanzo ya Kiislamu

Ataa ilikuwa posho ya fedha iliyolipwa kila mwaka kutoka Baitul-Mali, yaani hazina ya dola, kwa Waislamu walioandikwa katika diwani, yaani daftari la jeshi. Aliyeuweka utaratibu huo ni Khalifa Umar bin al-Khattab, na riwaya nyingi huutaja mwaka wa 20 Hijria (karibu 641 Miladia). Kabla yake askari hakuwa na malipo ya kudumu. Alipata fungu lake katika ngawira, ambayo sehemu nne kati ya tano waligawiwa wapiganaji, na bila vita hapakuwa na cha kugawana.

Kilichobadili mambo ni ardhi. Iraki ilipotekwa, wapiganaji walitaka mashamba ya Sawad, nchi yenye rutuba ya Iraki, yagawanywe kama ngawira nyingine. Umar alikataa kwa hoja kwamba watakaokuja baadaye wasingebakiziwa kitu. Wakulima wakaachwa mashambani mwao, Uthman bin Hunaif akatumwa kuyapima, na kharaji, yaani kodi ya ardhi, ikawa inakusanywa mwaka hadi mwaka. Ataa ndiyo iliyokuwa njia ya kuifikisha kodi hiyo kwa askari waliokaa katika miji ya kambi, kama Kufa, Basra na Fustat, bila wao kumiliki shamba lolote.

Majina yaliandikwa na wajuzi wa nasaba, akiwemo Aqil bin Abi Talib, wakianza na Banu Hashim, jamaa wa Mtume. Kiwango cha malipo, hata hivyo, kilifuata zaidi mtu alivyotangulia katika Uislamu na vita alivyoshiriki. Riwaya hazikubaliani kwa kila tarakimu, lakini inayotajwa sana inawapa waliopigana vita vya Badr, vya mwanzo kabisa, dirhamu (sarafu za fedha) 5,000 kwa mwaka, waliojiunga baada ya hapo hadi mkataba wa Hudaibiya 4,000, na waliopigana Qadisiya na Yarmuk, vita vya kuteka Iraki na Shamu, 2,000, huku waliochelewa kujiunga wakishuka hadi mamia machache. Abu Bakr, khalifa aliyemtangulia Umar, alikuwa amegawa sawa kwa sawa, akiona kwamba malipo ya waliotangulia yako kwa Mwenyezi Mungu na fedha ni ya kujikimu tu. Umar hakukubali kumlinganisha aliyepigana pamoja na Mtume na aliyepigana dhidi yake. Hata mwanawe, Abdullah, alipolalamika kwamba Usama bin Zaid amepewa zaidi yake, alijibiwa kwamba Usama alipendwa zaidi na Mtume.

Kwa hiyo kuiita ataa mshahara ni kusema nusu tu ya ukweli. Mshahara hufuata kazi inayofanywa, ilhali ataa ilipima pia yaliyokwisha kutendwa, na wake na watoto nao walikuwa na mafungu yao. Mtoto mwanzoni aliandikiwa dirhamu 100 anapoachishwa ziwa; Umar alipobaini kwamba kina mama wanawaachisha watoto mapema ili wawahi posho, akaamuru waandikwe tangu kuzaliwa. Mbali na fedha kulikuwa na riziki, yaani mgao wa chakula wa kila mwezi.

Ugumu ulikuja pale wastahiki wa zamani walipozidi kuliko wapiganaji wenyewe. Daftari lililoandikwa kwa nasaba halikumfaa mtawala aliyetaka jeshi la kulipwa kwa utumishi wake, na mwaka 833 Miladia Khalifa al-Mu'tasim, aliyewategemea askari wa Kituruki, aliamuru Waarabu wa Misri wafutwe katika diwani na ataa yao ikatwe.