Huyu Dogo Nimpandishe?

Jumapili usiku mdogo wangu alinipigia simu kutoka Iringa. Sote tunacheza Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta wa kuendesha timu ya besiboli. "Shikamoo kaka. Kuna dogo wangu wa miaka 19, yuko daraja la A, wastani wake wa hiti .336. Nimpeleke AA?" (A na AA ni madaraja ya kukuzia chipukizi, chini ya Ligi Kuu ya Marekani; AA ndiyo ya juu.)

"Marahaba. Katolewa kwa straiki tatu mara ngapi?"

Kimya. Nikamsikia anabofya. "Mara 41. Kwenda besi ya kwanza kwa mipira minne, mara 5 tu." Straiki ni mpira mzuri aliouacha au alioukosa; mipira minne ni mibaya aliyoiacha ipite, akapewa besi bure.

Nikamwambia asimguse, tukapiga hesabu pamoja. Dogo alipata zamu 125 za kupiga, akapata hiti 42, yaani mipigo iliyomfikisha besi salama, hana homu rani hata moja, ule mpigo unaovuka uzio. Toa zile 41, zinabaki 84. Yaani mipira aliyoigusa, nusu yake imezaa hiti! Kwenye Ligi Kuu ya Marekani ni kama 30 kwa kila 100. Hiyo ni bahati, na bahati haipandi naye AA. Kinachopanda naye ni jicho lake, na jicho hilo bado linadanganywa na kila mpira unaopinda.

Tunaocheza Out of the Park Baseball tunapenda kukodolea macho namba za skauti, mtu wa kupima vipaji, zile za 20 hadi 80 ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu. Kiwango anachotarajiwa kufikia chipukizi ni maoni ya skauti wako, na maoni hubadilika. Mimi naanza na straiki na mipira minne, nikilinganisha na umri wake na wa wenzake wa daraja lile. Kwa warushaji natazama kwanza aina za mipira: mwenye mbili tu, mara nyingi ataishia kuingia mchezo ukiwa umeshasonga.

Nimekulia Mbozi, nyumbani tuna kitalu cha kahawa. Mzee hahamishi mche kwa urefu wake, anahesabu jozi za majani. Na kabla ya kuupeleka shambani anapunguza kivuli kidogo kidogo, wiki hadi wiki, aone unavyolipokea jua. Chipukizi wangu nawapandisha hivyo hivyo, daraja moja tu kwa wakati, na mwezi wa kwanza wastani wala siuangalii.

Haraka ina gharama nyingine. Akishaingia kwenye orodha ya watu 40 wa timu yako ya Ligi Kuu, kwa kawaida una misimu 3 tu ya kumshusha madaraja ya chini na kumpandisha. Ikiisha, ukimshusha timu nyingine inaweza kumchukua. Na akifika Ligi Kuu, kila siku 172 anazokaa huko zinahesabiwa mwaka mzima wa utumishi. Ikitimia 6 na mkataba ukaisha, yuko huru kuondoka. Ukimpandisha mbichi, miaka hiyo unaitumia kumsubiri akomae.

Jana mdogo wangu kanitumia picha ya skrini. Dogo bado yuko A, wastani umeshuka hadi .271. Lakini wiki mbili hizi kaenda besi ya kwanza kwa mipira minne mara 7. Nimemjibu: sasa anaanza kuona.