Kuhama Nyumba Dar: Tunayoambiana na Yalivyo

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, nilihama kutoka Sinza kwenda Kinyerezi. Ilikuwa mara yangu ya sita kuhama ndani ya jiji hili, na mtu aliyehama mara sita ungedhani keshakuwa fundi. Wapi! Vyombo vilifika salama hadi vikombe vya chai, lakini usiku huo tulilala gizani, bomba limekauka, na kilo nne za samaki zinayeyuka ndani ya deli. Wiki mbili nzima nilikuwa nafunga vyombo. Nyumba tunayohamia sikuiandaa hata kwa saa moja. Nilipokuja kufikiri, nikaona ushauri mwingi tunaopeana kuhusu kuhama ni wa maboksi na gari, na sehemu kubwa ya uliobaki si kweli.

"Umeme ni LUKU, ukinunua tu umemaliza"

Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ni kweli mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, inabaki na nyumba, na mpangaji mpya hahitaji kuomba umeme upya. Kinachosahaulika ni kwamba hata madeni ya mita yanabaki na nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa baadaye. Nyumba ikikaa tupu miezi minane, hakuna anayenunua, kodi inajilimbikiza inamsubiri wa kwanza kuingia. Wa kwanza huyo ni wewe, na jiko la chapati mkononi. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Kwa hiyo kabla ya kusaini mwombe mwenye nyumba anunue umeme kidogo mbele yako, hata wa elfu mbili. Ujumbe utakaoingia kwenye simu utaonyesha kilichokatwa, na hapo hakuna wa kubishana na mwenzake.

La pili ni namba unazotumiwa ukinunua umeme, za kuingiza kwenye mita. Mita zote za aina hii duniani zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na za LUKU hazikuachwa. Mita isiyosasishwa, manunuzi ya kwanza huleta makundi matatu, kila moja la namba 20. Mawili ya mwanzo ni ya kusasisha, la tatu ndilo lenye uniti, na yanaingizwa kwa mfuatano huo. Nyumba yangu ilikuwa haijakaliwa muda mrefu. Nilipopata utitiri ule wa namba nikadhani mtandao umechanganyikiwa, nikawa naingiza kundi la mwisho peke yake, mita inakataa, naingiza, inakataa. Hadi saa tano usiku. Kijana wa jirani ndiye aliyeniambia kesho yake, akijitahidi asicheke.

Halafu kuna hii ya "nyumba ile umeme wake rahisi". Nyumba haina umeme rahisi. Kuna kundi la matumizi madogo, hadi uniti 75 kwa mwezi, linalolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato mengine. Kama aliyetoka alikuwa na taa tatu na redio, mita yake ilikaa humo. Wewe ingia na friji, pasi na hita ya maji, uone kama hujatolewa.

"Bomba lipo, maji yapo"

Tangazo la dalali husema "maji na umeme ndani". Bomba ni chuma tu. Sehemu kubwa ya maji ya Dar hutoka Mto Ruvu, na mto ukipungua jiji zima linajua, kama Oktoba 2022 tulipoingia kwenye mgao. Hata wakati mto umejaa, mtaa wa mlimani unaweza kupata maji siku mbili kwa wiki, tena saa tisa usiku. Usimuulize dalali. Muulize mama wa genge wa mtaa huo: maji yanatoka siku gani, yana nguvu ya kupanda hadi kwenye tanki, na yakikatika gari la maji linauza kiasi gani? Kama nyumba ni ya kisima, omba kikombe uonje. Kuna visima vinavyotoa maji ya chumvi ya kutosha kuungia mchuzi.

Bili ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, nayo inafuata nyumba. Omba bili ya mwisho, na siku ya kukabidhiwa funguo piga picha ya mita mkiwa pamoja na mwenye nyumba. Na kwa kuwa nyumba nyingi za jiji hili hazijaunganishwa na mfumo wa majitaka, uliza shimo la choo lilinyonywa lini na safari ijayo nani atalipa gari. Swali la aibu, lakini likijaa wiki yako ya pili utatamani ungeuliza.

"Tumeukagua mtaa, ni mkavu kabisa"

Mliukagua lini? Agosti kila mtaa wa Dar ni mkavu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na mtaa unajulikana wakati huo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 na kuwahamisha wakazi wa Bonde la Msimbazi hadi Mabwepande. Hayakuwa ya kwanza wala ya mwisho. Jangwani barabara hufungwa mvua ikikolea, na kila mwenye kupanda mwendokasi anaijua adha hiyo.

Wazee walioyapa maeneo majina hawakuwa wanacheza. Msasani kuna Bonde la Mpunga, na mpunga haulimwi pakavu. Jina lenye "bonde", "mtoni" au "kisiwani" si hukumu, maana nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupishana kimo cha mtu mzima, lakini ni sababu ya kuuliza. Tazama kuta: kuna mstari wa tope uliopakiwa rangi juu yake? Kizingiti cha mlango kimejengewa matofali mawili ya ziada? Soketi za umeme ziko juu usawa wa kifua? Aliyeziweka huko alikuwa na sababu.

Ukipata nafasi ya kuona nyumba siku inanyesha, nenda na mwamvuli wako. Dalali atakwambia msubiri ikatike. Usisubiri.

"Dalali ni mtu wangu, nimemlipa mimi"

Umemlipa wewe, mara nyingi kodi ya mwezi mzima, na bado kazi yake ni nyumba iondoke. Ile "kaka, ukichelewa hadi jioni imekwenda" anamwambia kila mtu. Kosa kubwa ni kumkabidhi yeye kodi, au kumkabidhi mtu aliyetambulishwa kwako kama mwenye nyumba bila majirani kumthibitisha. Chumba kimoja kupangishwa kwa watu watatu ndani ya wiki moja si hadithi ya kutunga. Pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ile ni ya nani, kisha lipa kwa njia inayoacha jina na kumbukumbu.

"Kodi ya miezi sita ni sheria" na pacha wake, "serikali imepiga marufuku kodi ya miezi sita"

Zote mbili si kweli. Iliyokuwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Kinachobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba wako. Miezi mitatu, sita au mwaka ni mapatano, na mapatano hujadiliwa. Usomeni kipengele cha notisi kabla ya kipengele cha bei.

"Kodi Fuso, safari moja umemaliza"

Inategemea uchochoro. Fuso likishindwa kuingia, linasimama barabarani, na vyombo vyako vinamalizia safari kwa guta au mabegani kwa vijana mtakaopatana nao hapohapo, jua la saa saba, wakijua huna pa kwenda. Kirikuu safari mbili mara nyingi hutoka nafuu kuliko Fuso moja na ugomvi. Patana mapema kama bei ina wapakiaji na washushaji. Unayehamia Kigamboni, daraja lililofunguliwa 2016 limekuokoa foleni ya pantoni, ila lina tozo kulingana na aina ya gari. Semeni nani analipa.

Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jiji zima linahama siku hiyo. Na kama unatoka mjini kwenda pembezoni, toka asubuhi. Foleni yote inakuja Posta na Kariakoo, wewe unakwenda kinyume chake.

"Vitu vizito havina shida, shida ni vyombo vya udongo"

Sahani ikivunjika imevunjika sahani. Friji ikilazwa, mafuta ya kompresa hutembea kwenye mabomba yake, na ukiiwasha papo hapo unaweza kuiua. Isafiri imesimama. Ikilazimika kulala, ikifika isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na kama ililazwa muda mrefu iache hadi kesho. Mtungi wa gesi nao husafiri umesimama, koki imefungwa na regyuleta imetolewa, hata ule "ulioisha", kwa sababu hauishi kabisa. Gesi kidogo hubaki ndani.

Nyongeza kwa wenye kuona haya: kunguni si ushahidi wa uchafu. Hupanda gari pamoja na kitanda, wakiwa kwenye viungio na mishono ya godoro, na huweza kukaa miezi bila kula. Kagua kabla ya kupakia. Maboksi ya kuokota madukani nayo yapasue uyatazame pembeni, mende hutaga humo.

"Ukifika umepiga hodi kwa mjumbe, yametosha"

Mjumbe wa shina ni kiongozi wa chama cha siasa, ingawa mazoea ya enzi za nyumba kumi yametufanya tumwite serikali. Barua ya utambulisho utakayodaiwa benki au ukimdhamini ndugu hutoka ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti au mtendaji. Nenda wiki ya kwanza, na nakala ya mkataba, usisubiri siku una shida, ukakuta hakuna anayekujua. Ukiwa huko ulizia pia utaratibu wa kuhamisha taarifa zako kwenye daftari la wapiga kura, maana bila hivyo kituo chako kinabaki mtaa wa zamani.

Majirani hawahitaji barua. Sisi tulijulikana kwa wale samaki. Ilipofika saa nne usiku mke wangu aliona hawafiki asubuhi, akawagawa kwenye masufuria manne, akagonga mageti manne kwa tochi ya simu. Geti la tatu ndilo la yule kijana aliyejua habari za namba 60.