Usalama wa mgonjwa ni nini?

Usalama wa mgonjwa ni kumkinga anayetibiwa asidhurike na matibabu yenyewe: dawa isiyo yake, damu isiyooana na kundi lake, maambukizi aliyoyapatia wodini, upasuaji wa mguu usiohusika. Ubora wa huduma ni dhana pana zaidi, unagusa hata muda wa kusubiri na lugha anayosemeshwa mgonjwa. Lakini huduma isiyo salama haiwezi kuitwa bora, hata jengo liwe jipya.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa anahudumiwa, na zaidi ya watu milioni 3 hufariki kila mwaka kwa sababu hiyo.

Chukua jambo la jina tu. Hapa Moshi ukiita "Massawe!" kwenye dirisha la dawa, wanaweza kuinuka watu watatu. Ndiyo maana jina moja halitoshi: yanatakiwa majina kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili. Na namna ya kuuliza ina uzito wake. Mzee asiyesikia vizuri akiulizwa, "Wewe ndiye Massawe?" ataitikia kwa heshima tu. Akiulizwa, "Shikamoo mzee, unaitwa nani?" atalitaja jina lake mwenyewe.

Kosa linapotokea, wengi wetu hukimbilia kuuliza nani kafanya. Muuguzi amekesha, wodi imejaa, chupa mbili zinazofanana zimekaa rafu moja, naye akashika isiyo yenyewe. Ukimfukuza, chupa zitabaki palepale zikimngoja wa zamu inayofuata. Tena wenzake watajifunza kunyamaza, na kosa lililofichwa halirekebishiki. Mzembe wa makusudi awajibishwe, sipingi hilo. Ila makosa mengi yanazuiwa kwa kupanga kazi vizuri, ikiwemo kuzitenganisha chupa hizo.

Mfano ulio wazi ni orodha ya ukaguzi wa upasuaji iliyotolewa na WHO mwaka 2008, yenye vipengele 19. Timu huisoma kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa hapa Tanzania. Kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Mwaka 2015 serikali ilianza kuvipima vituo vya afya ya msingi kwa nyota, kuanzia 0 hadi 5. Ni hatua nzuri, ila mgonjwa haishii kituo kimoja. Anaweza kuanzia zahanati ya kijijini Rombo, akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha hospitali za rufaa za Moshi, Mawenzi au KCMC. Kila anapovuka, usalama wake unategemea barua ya rufaa: amepewa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, ana mzio wa nini. Barua ikiwa na mstari mmoja tu, daktari anayempokea anaweza kurudia dozi iliyokwisha kutolewa. Kwa hiyo, ndugu unayemsindikiza mgonjwa, omba usomewe barua hiyo kabla gari halijaondoka, na pakiti za dawa anazotumia nyumbani uzibebe zote, hata zilizokwisha.