Sarafu ya Kiarabu kwenye shamba la Norwei: ni ya nani, na uipeleke wapi

Theluji ikishayeyuka tu na matrekta yakiingia shambani, inbox zetu za makumbusho zinajaa. Ndugu zetu wanaoongea Kiswahili huku Norwei nao wameingia kwenye mambo ya ditekta (mashine za kutafuta metali ardhini), na hatuna shida na hilo, ila kuna swali linarudi mno: "hii ina maandishi ya Kiarabu, kwa hiyo si ya Waviking, naweza kukaa nayo, si ndio?" Hapana, si ndio.

Hizo ni dirhamu, madini ya fedha, nyembamba kama ukucha, na mara nyingi utakuta imekatwa nusu au robo maana huku walikuwa wanapima uzito kwenye mizani, hawahesabu sarafu. Ukiwa unasoma Kiarabu unaweza kuambulia mji, mfano Baghdad au Samarkand, na mwaka wa Hijria. Zilipanda na wafanyabiashara kupitia mito ya Urusi. Mwaka 1999 pale Spillings, kisiwa cha Gotland, Uswidi, lilifukuliwa lundo la fedha la kilo 67 hivi, sarafu zaidi ya 14,000 na karibu zote za Kiarabu, sasa hapo utasemaje kwamba si mambo ya Skandinavia?

Halafu hili la "Waviking". Jamani, halikuwa kabila. Ni kazi: mtu anapanda merikebu anaenda kuvamia, msimu ukiisha anarudi kulima. Majina mengine walipewa na waliokutana nao, na kila mmoja aliita alivyoona. Waingereza waliwaita Wadane hata wale waliotoka Norwei. Wafaranki, wa Ufaransa ya leo, waliwaita watu wa kaskazini, ndiyo maana ardhi aliyopewa kiongozi wao Rollo mwaka 911 mpaka leo inaitwa Normandy. Waairishi waliwaita wageni tu, baadaye wakawagawa wageni weupe na wageni weusi. Mashariki waliitwa Rus, na Konstantinopoli wale walinzi wa mfalme waliitwa Wavarangi. Wafini mpaka leo Uswidi wanaiita Ruotsi, jina linalohusishwa na hilohilo la Rus.

Linalowashangaza wasomaji wetu ni la Andalusia, yaani Hispania iliyokuwa chini ya Waislamu. Waarabu wa kule waliwaita Majusi, ndio, Majusi haohao mnaowajua, kwa vile walikuwa wapagani na hawakuonekana Wakristo wala Wayahudi. Sevilla ilipovamiwa mwaka 844, mwandishi al-Ya'qubi aliandika kwamba walioingia ni Majusi waitwao Rus, yaani majina mawili kwa watu walewale.

Sasa sheria, na hapa naomba msome polepole. Sheria ya urithi wa kale ya Norwei, ya mwaka 1978, kwa sarafu kama hii haiulizi ya kabila gani wala ina maandishi gani, inauliza umri. Kitu chochote cha kabla ya 1537 ni mali ya serikali, na sarafu ni kabla ya 1650. Dirhamu ya karne ya 9 au 10 haina mjadala. Ruhusa ya mwenye shamba uwe nayo kabla hujawasha ditekta, na kwenye makaburi ya kale usikanyage na mashine, kama mpaka haujawekwa basi mita 5 kuzunguka nazo zimelindwa. Ukipata kitu, ripoti polisi au ofisi ya mambo ya kale ya mkoa. Ukivunja sheria ni faini au jela hadi mwaka 1, na kosa likiwa zito sana hadi miaka 2. Zawadi inaweza kutolewa, mnagawana nusu kwa nusu na mwenye shamba, na kwa dhahabu au fedha haishuki chini ya thamani ya metali yenyewe pamoja na angalau asilimia 10 juu yake. Kwa hiyo ile habari ya "serikali inachukua bure" muiache.

Msiioshe, msiisugue na dawa ya meno (tunaziona, tunazijua). Acheni na udongo wake, pigeni picha ikiwa palepale, andikeni eneo la GPS na kina. Kwenye fomu msituandikie "ya Waviking", hiyo haitusaidii kitu, tunataka shamba gani na tarehe gani. Na picha uliyomtumia mfanyakazi wetu WhatsApp usiku haihesabiki kuwa umeripoti.