Gobole halina anwani

Gobole halina namba ya usajili, halina kiwanda wala risiti ya duka. Ni bunduki ya kienyeji: bomba, kitako cha mti na baruti inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Mkulima wa Liwale au Nanyumbu analiweka kwa ajili ya nguruwe pori na ngedere, na ukimuuliza atakuapia kwamba hana ugomvi na mtu. Ila siku mpaka wa shamba ukibishaniwa, au siku mtoto akiingia uvunguni kutafuta mpira wake, gobole halikumbuki kwamba lilitengenezewa nguruwe.

Swali linaloulizwa sana ni hili: kwa nini tusiwashtaki watengenezaji wa silaha kama wanavyofanya Marekani? Jibu langu ni fupi. Kesi ya madai inataka mdaiwa mwenye jina, anwani na kitu cha kulipia. Hata Marekani kwenyewe, ambako viwanda vina majina makubwa, mlango huo ni mwembamba. Sheria ya shirikisho ya 2005, ifahamikayo kwa kifupi kama PLCAA, inawakinga watengenezaji na wauzaji dhidi ya kesi nyingi zinazotokana na uhalifu uliofanywa na watu wengine kwa silaha zao. Familia 9 za waliouawa katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 zilipita penye upenyo: zilidai kwamba Remington, kampuni iliyotengeneza bunduki iliyotumika, iliitangaza kwa namna inayovunja sheria ya biashara ya jimbo la Connecticut. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliwaruhusu kuendelea mwaka 2019, na mwaka 2022 kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 73. Mexico nayo ilijaribu kuwafikisha mahakamani watengenezaji wa Marekani, na Juni 2025 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaikatalia.

Kilichowabeba wale wa Connecticut ni kutaja kitendo fulani, cha mtu fulani, kilichovunja sheria fulani. Hilo tunaweza kulitumia hapa Mtwara bila kubadilisha kitu.

Nani basi ana anwani huku Kusini? Wa kwanza ni mwajiri wa mlinzi mwenye bunduki. Msimu wa korosho maghala hujaa, fedha za minada zinatembea, na shotigani zinaonekana mlangoni. Mlinzi akimjeruhi mpita njia kwa uzembe akiwa zamu, mwajiri wake anawajibika kwa kosa lililofanyika ndani ya kazi. Wanasheria wachanga hukimbilia kumshtaki mlinzi peke yake, mtu asiyeweza kulipa hata nusu ya gharama za hospitali. Washtaki wote wawili, mlinzi na kampuni. Halafu, kabla ushahidi haujapoa, tafuta vitu vinne: daftari la zamu la siku ile, mkataba wa ulinzi kati ya kampuni na mwenye ghala, uthibitisho kwamba mlinzi alifundishwa kutumia silaha ile, na leseni ya bunduki yenyewe. Bunduki ya kampuni ikiwa mikononi mwa mtu asiyestahili kuishika, umeshapata kitendo chako.

Majeruhi apate fomu namba 3 ya polisi, yaani PF3, mapema iwezekanavyo, na ijazwe na daktari kwa maneno yanayosomeka: jeraha liko wapi, lina upana gani, risasi iliingilia upande upi. Hali ikiwa mbaya, matibabu kwanza, fomu itafuata. Tunza kila risiti: dawa, bandeji, nauli ya gari la kukodi kutoka kijijini, chakula cha anayeuguza. Hasara mahsusi, yaani hizo gharama zenye risiti, lazima itajwe kwenye hati ya madai kwa kiasi chake na ithibitishwe kwa nyaraka. Usipofanya hivyo, hakimu hawezi kukupa hata akikuonea huruma. Maumivu na fedheha ni hasara za jumla, hizo mahakama hukadiria yenyewe. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3, na hesabu haisimami eti kwa sababu kesi ya jinai bado inasikilizwa. Hapa ndipo familia nyingi hupoteza haki: zinasubiri mlinzi ahukumiwe kwanza, mwaka wa nne unaingia. Aliyepigwa akifariki, anza na usimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, maana mahakama itakuuliza unadai kwa niaba ya nani na kwa karatasi gani.

Anayedaiwa akiwa Serikali, kwa mfano risasi imetoka kwa askari, utaratibu hubadilika. Unatoa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Mwanasheria Mkuu huyo lazima aunganishwe kama mdaiwa. Kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, ni Kanda ya Mtwara. Notisi nzuri haizidi kurasa mbili: tarehe, mahali, kilichotendeka, sheria iliyokiukwa, kiasi kinachodaiwa. Watu huandika malalamiko ya kurasa kumi wakasahau kutaja kiasi. Na wengine hufungua kesi siku ya 60, inatupwa, wanaanza upya.

Sasa turudi kwenye gobole, ambalo kesi ya madai haiwezi kulifikia.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakataza kumiliki silaha ya moto bila leseni, na kosa hilo limo kwenye orodha ya makosa ya uhujumu uchumi. Maana yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Isome tena sentensi hiyo ukimfikiria mzee mwenye ekari mbili za mihogo. Naelewa adhabu ilipotokea: idadi ya tembo katika mfumo wa ikolojia wa pori la Selous ilishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi karibu 13,000 mwaka 2013, na bunduki ndizo zilizofanya kazi hiyo. Ila kumpima mwenye gobole la ngedere kwa mizani ya jangili wa pembe za ndovu kuna madhara yanayoonekana kijijini. Watu hawalisalimishi. Wanalizika shambani, ambako siku moja litafukuliwa na mtu mwingine mwenye nia nyingine. Haya ni maoni yangu, na ndiyo ningeyapeleka kwa mbunge na kwenye kamati ya Bunge pale wadau wanapoitwa kutoa maoni kuhusu muswada: kwa maandishi, ukurasa mmoja, kifungu kinacholalamikiwa na maneno yanayopendekezwa kuwekwa badala yake. Kamati haina la kufanya na karatasi inayosema tu "adhabu ipunguzwe".

Mpaka hapo sheria itakapobadilika, dirisha lililopo ni msamaha. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na Serikali yetu imewahi kutangaza msamaha wa hiari, kwa mfano Septemba na Oktoba 2023. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno: linaanza lini, linaisha lini, silaha inapokelewa wapi. Nje ya tarehe hizo hakuna kinga. Aliye nje ya tarehe aongee kwanza na wakili au msaidizi wa kisheria, asitoke tu na gunia begani.

Namna ya kusalimisha inafaa ielezwe hadharani, kwa sababu ajali nyingine hutokea hapo hapo. Usilipakie gobole kwenye bodaboda. Kama lina baruti ndani, usilifyatue hewani "kulimaliza" na usilichokoe kwa waya. Liache lilipo, mtutu ukielekea ukutani mbali na watu na moto, kisha umpigie polisi kata au mwenyekiti wa kijiji. Mwambie askari wazi kwamba limeshindiliwa. Likishachukuliwa, dai hati ya makabidhiano yenye tarehe, jina na cheo cha aliyepokea, na maelezo ya silaha. Karatasi hiyo ihifadhi pamoja na hati ya shamba.

Kuna kundi lingine ambalo halijihesabu kabisa kuwa lina silaha haramu: warithi. Mzee alikuwa na shotigani yenye leseni, mzee amefariki, shotigani ipo chumbani imefungwa kanga. Leseni ilikuwa ya mzee, na ilikwisha naye. Haigawanywi pamoja na mikorosho. Msimamizi wa mirathi apeleke taarifa kituo cha polisi pamoja na leseni na cheti cha kifo, silaha itunzwe huko, na mrithi anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe kuanzia serikali ya kijiji na kamati za ulinzi na usalama. Kikao cha arobaini ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili. Watu wote wapo.

Neno moja kwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, kwa kuwa ninyi ndio mnaoitwa usiku kushuhudia upekuzi. Ile hati ya ukamataji mali mnayoisaini si risiti ya posho. Isomeni kabla ya kuweka sahihi. Kilichoandikwa kiwe kile mlichokiona kikitolewa, kwa urefu, rangi ya kitako, alama au ufa, na idadi ya vitu vilivyokuwa pamoja nacho. Kesi hufa pale hati inaposema "gobole moja" na hati ya mashtaka inasema "shotigani", au pale silaha inapopita mikononi mwa askari watatu bila maandishi ya makabidhiano, au pale hakuna mtaalamu aliyethibitisha kwamba bomba lile linaweza kufyatua. Shahidi huru anayekumbuka ufa kwenye kitako ana thamani kortini kuliko hotuba. Na anamlinda pia asiye na hatia aliyewekewa silaha isiyo yake.

Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Haiwezi kuhalalisha gobole. Inaweza kuweka ulinzi wa zamu mashambani ili mtu asilale peke yake kibandani na bunduki, na kumtaka kila mwenye leseni atoe taarifa silaha ikipotea au akisafiri. Kwa tembo, uzio wa kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili husaidia ukipakwa upya baada ya mvua. Usipopakwa unabaki kamba tu. Mnyama akishaharibu, taarifa iende mapema kwa mtendaji na afisa wanyamapori wa wilaya kwa ajili ya kifuta jasho. Malipo hayo yakichelewa, mkulima hurudi kwa fundi wa magobole, kwa hiyo kuyafuatilia ni sehemu ya kazi hii hii.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Minada ya korosho huanza kwa kawaida Oktoba, Septemba ni mwezi wa kusalimisha, hivyo ajenda ya silaha iingie kwenye mkutano wa katikati ya mwaka, Julai au mapema Agosti. Iwekwe ya pili, mara baada ya mapato na matumizi. Ikiwekwa mwisho, wenye magobole watakuwa wameshaondoka kwenda shamba.