Baridi ya Julai, vidonge vya homoni na dawa ya tezi

Julai Nairobi kila mtu analalamikia baridi, ndiyo maana mama huyu alichelewa kuja kuniona. Ana miaka 52. Aliingia kliniki na sweta mbili na koti juu yake, akaniambia, "Daktari, hii baridi ni yangu peke yangu. Mzee wangu analala dirisha likiwa wazi." Ngozi ilikuwa imekauka, choo kigumu, na kwenye matatu alikuwa analala hadi anapitishwa steji. Nyumbani walisema ni umri.

Kwa miaka sita amemeza levothairoksini (homoni ya tezi ya vidonge) mikrogramu 75 kwa ajili ya tezi ya shingo iliyolegea, na TSH yake, kipimo cha damu kinachopanda homoni ya tezi ikipungua, haijawahi kunisumbua. Sasa ilikuwa zaidi ya 9. Wengi wetu tunaitaka kati ya 0.4 na 4 hivi. Nikamuuliza kama kuna dawa mpya, akasema hakuna. Kisha, akifunga vifungo vya koti: "Labda zile za joto tu."

Zile za joto zilikuwa vidonge vya estrojeni na projesteroni. Alipewa Aprili na daktari mwingine kwa sababu ya jasho la usiku baada ya kukoma hedhi. Vilimfaa, na sikuona sababu ya kumwachisha. Ila hakuna aliyemwambia damu ipimwe tena.

Homoni ya tezi husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na protini, zaidi ya asilimia 99 yake. Ile iliyobebwa ni kama abiria aliye ndani ya matatu: hajafika kazini bado. Kazi inafanywa na wachache walioshuka. Estrojeni ya kumeza hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na huko husababisha protini hizo kuongezeka. Matatu ni nyingi, viti ni tele, abiria ni wale wale, walioshuka wanapungua. Mwenye tezi nzima hahisi kitu, kwa kuwa tezi yake inaongeza kasi yenyewe. Mgonjwa wangu ana 75 zake tu.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwafuatilia wanawake 25 wa aina yake walioanza estrojeni ya kumeza, na baadhi yao ilibidi waongezewe dozi ya tezi. Kwa hiyo mimi hupima TSH wiki 6 hadi 12 baada ya vidonge kuanza. Nikiomba T4, yaani homoni ya tezi yenyewe, naomba ile huru, isiyobebwa na protini. Ile ya jumla hupanda pamoja na protini na inaweza kukudanganya kwamba mambo ni shwari.

Estrojeni ya kibandiko au jeli huingia kupitia ngozi bila kuanzia kwenye ini, hivyo kwa kawaida haigusi hesabu hii. Testosteroni nayo hufanya kinyume: hupunguza protini, na dozi ya tezi inaweza kuzidi.

(Nilimuuliza pia kuhusu chai. Ndiyo, alikuwa anateremshia kidonge cha tezi na chai ya maziwa. Ni maji matupu, mama, halafu usubiri angalau nusu saa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali kwa saa nne.)

Tulipandisha hadi 100. Septemba alikuja na sweta moja, TSH ikiwa 2.3, na swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo: "Na nikiacha zile za joto?"

Hapo matatu zinapungua na abiria wanamwagika barabarani. Dozi ya 100 inakuwa kubwa mno: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho. Mama wa umri wake atadhani joto la kukoma hedhi limerudi, kumbe ni dawa ya tezi iliyozidi, na ikiendelea hivyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kula mifupa. Nikamwambia siku atakayotaka kuacha, anipigie kabla ya kuacha. Ameandika namba yangu juu ya pakiti ya vidonge vya homoni, kwa kalamu nyekundu.