Saratani ya utotoni na uwezo wa kuzaa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzazi aliyeambiwa leo kwamba mwanawe ana saratani hawazi habari za wajukuu. Anawaza kama mtoto ataiona Idi au Krismasi ijayo. Kwa sababu hiyo suala la uzazi huahirishwa, na pengo linalobaki hujazwa na maneno ya mitaani, ambayo humfuata aliyepona hadi siku ya posa. Mengi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni vigumu kuyakanusha kwa neno moja.

Dhana inayotajwa kuliko zote ni kwamba aliyetibiwa kwa dawa za saratani hawezi kuzaa tena. Ukweli ni kwamba dawa hizo ni nyingi na hazifanani. Vinkristini na methotreksati, zinazotumika sana kwa watoto wenye saratani ya damu, haziathiri sana uzazi. Zenye kuogopewa ni zile zinazoharibu vinasaba vya seli moja kwa moja, kama saiklofosfamidi, ifosfamidi, prokabazini na busulfani, na hata hizo madhara yake hutegemea jumla ya kipimo alichopewa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho wa tiba. Kwa saiklofosfamidi, hatari kwa mbegu za kiume huongezeka jumla inapopita takriban gramu 4 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, ilhali kwa wasichana ovari kwa kawaida huvumilia zaidi ya hapo. Kwa hiyo watoto wawili waliotibiwa limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958, wanaweza kulazwa wodi moja na kutoka na matarajio tofauti kabisa ya uzazi, kwa kuwa mmoja alipona kwa mizunguko michache ya dawa na mwingine ugonjwa ulimrudia akaongezewa. Ndiyo maana muhtasari wa matibabu, wenye majina ya dawa, jumla ya kipimo cha kila dawa na sehemu zilizopigwa mionzi, ni karatasi ya kutunzwa pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto ambaye hajabalehe yuko salama, kwa kuwa viungo vyake vya uzazi bado havijaanza kazi. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2, na hatengenezi mengine. Anapovunja ungo hubaki na takriban laki tatu. Dawa kali na mionzi hupunguza akiba hiyo, na inakadiriwa kwamba mionzi isiyofika grei 2 (grei ni kizio cha kupimia mionzi) ikifikia ovari inatosha kuua nusu ya mayai machanga. Msichana mdogo huvumilia zaidi kuliko mwanamke wa miaka 35, kwa sababu tu alianza na akiba kubwa. Kwa mvulana, seli mama za mbegu zimo kwenye korodani tangu utotoni, nazo huweza kufa hata kama hajawahi kutoa manii.

Dhana inayodanganya wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kupima uzazi kwa macho. Kijana ameota ndevu, sauti imekuwa nzito, anaota ndoto za ujana, basi familia huridhika kwamba mambo ni mazima. Lakini seli zinazotengeneza homoni ya kiume ni sugu zaidi kuliko zile zinazotengeneza mbegu, hivyo mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote za kiume na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Kipimo cha manii ndicho kinachotoa jibu, nacho kikitoka kibaya mapema si hukumu ya mwisho, kwa maana mbegu huweza kurudi baada ya miaka kadhaa. Kwa upande wa wanawake, hedhi iliyorudi baada ya tiba haithibitishi kwamba akiba ya mayai iko palepale: baadhi yao hufikia ukomo wa hedhi kabla ya miaka 40, na anayelijua hilo akiwa na miaka 22 ana nafasi ya kupanga maisha yake kuliko anayeligundua akiwa na miaka 34. Vivyo hivyo, hedhi iliyokatika si kinga. Mimba huweza kuingia katikati ya matibabu, wakati dawa zenyewe ni hatari kwa mimba changa, kwa hiyo uzazi wa mpango unahitajika.

Kuhusu mionzi, watu huuliza ovari na korodani tu. Mfuko wa uzazi uliopigwa mionzi utotoni, kwa mfano katika tiba ya saratani ya figo iliyosambaa tumboni, huweza kushindwa kutanuka vizuri, na mimba ikaharibika au mtoto akazaliwa njiti. Mionzi ya kichwa nayo huweza kudhoofisha tezi ya ubongo inayoamrisha ovari na korodani, ingawa hali hiyo mara nyingi hutibika kwa homoni. Na aliyepewa doksorubisini, dawa ya saratani inayoweza kudhuru moyo, au mionzi ya kifua anapaswa kupimwa moyo kabla ya kubeba mimba.

Kusema kwamba hakuna la kufanya mapema si kweli, japo lazima tukiri kwamba huduma ni ghali na vituo ni vichache. Kijana aliyebalehe anaweza kugandishiwa manii kabla ya dozi ya kwanza, na msichana mkubwa mayai yake huvunwa kwa takriban wiki mbili ikiwa ugonjwa unaruhusu kusubiri. Kwa msichana asiyebalehe, kipande cha ovari hugandishwa. Huko Brussels, Ubelgiji, mwanamke mzaliwa wa Kongo, aliyekuwa na selimundu na si saratani, alihifadhiwa ovari akiwa na miaka 13, kabla ya kupata hedhi, ili apewe dawa kali za kuandaa upandikizaji wa uboho. Alirudishiwa vipande vyake miaka kama kumi baadaye, akajifungua mtoto mzima mwaka 2014. Kwa wavulana wadogo jambo kama hilo bado liko kwenye utafiti. Kukinga korodani wakati wa mionzi, au kusogeza ovari kwa upasuaji, ni hatua rahisi zaidi ambazo mzazi ana haki ya kuziulizia.

Mwisho ni hofu ya wakwe, kwamba watoto watazaliwa na kilema au na saratani. Tafiti za watoto wa waliopona hazijaonyesha ongezeko la kasoro za kuzaliwa. Saratani za kurithi ndizo zilizo tofauti, hasa ile ya jicho: aliyeugua macho yote mawili utotoni ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto hitilafu ya kinasaba inayoileta, na watoto wake wanapaswa kuchunguzwa macho na mtaalamu tangu wiki za kwanza za maisha.